Chuma katika ubongo na seli za glia

Uhusiano wa chuma na seli za glia katika ubongo ni mada ya sayansi ya neva inayohusu jinsi madini ya chuma yanavyorundikana katika sehemu fulani za ubongo, na jinsi seli zinazotunza na kulinda seli za neva, yaani seli za glia, zinavyobadilika mahali hapo. Seli hizo zinapobadili umbo na kazi yake kwa sababu ya jeraha, maambukizi au ugonjwa, husemwa kuwa zimechochewa.

Mahali chuma kinaporundikana kupita kiasi, mara nyingi huonekana pia glia zilizochochewa. Hali hiyo imeonekana katika ugonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa Alzheimer, multipo sklerosisi, baada ya damu kuvuja ndani ya ubongo, na katika kundi la magonjwa nadra ya kurithi. Swali kubwa ni lipi hutangulia: je, chuma ndicho kinachochochea glia, au glia zilizochochewa ndizo zinazokusanya chuma? Jibu lina uzito katika tiba, kwa kuwa dawa za kuondoa chuma mwilini zimejaribiwa kwa wagonjwa wa ubongo, na katika baadhi ya majaribio hayo hali za wagonjwa zilizidi kuwa mbaya.

## Chuma katika ubongo wenye afya

Ubongo hauwezi kufanya kazi bila chuma. Madini haya huhitajika katika mitokondria ili seli ipate nishati, katika utengenezaji wa mielini inayofunika nyuzi za neva, na katika utengenezaji wa kemikali za mawasiliano kama vile dopamini na serotonini. Mtoto mchanga anayekosa chuma cha kutosha anaweza kuchelewa katika ukuaji wa akili na wa mwendo.

Chuma hakiingii katika ubongo ovyo. Katika damu hubebwa na protini iitwayo transferini, na ili kiingie katika ubongo lazima kipite kizuizi kilichopo baina ya damu na ubongo, yaani ukuta wa seli zilizobanana sana katika mishipa midogo ya damu. Kikishaingia, huhifadhiwa ndani ya protini nyingine iitwayo feritini. Feritini ni kama ghala lenye umbo la tufe tupu ndani, na molekuli moja inaweza kubeba hadi atomu 4,500 hivi za chuma. Mlango wa kutolea chuma nje ya seli ni protini iitwayo feropotini.

Chuma hakikusambazwa sawasawa. Kiasi kikubwa zaidi kimo katika viini vya ndani vinavyosimamia mwendo wa mwili, hasa globasi palidasi, kiini chekundu na substansia nigra. Mwaka 1958 Hallgren na Sourander wa Uswidi walichapisha vipimo vya ubongo wa watu waliofariki. Katika globasi palidasi walikuta takriban miligramu 21 za chuma katika kila gramu 100 za tishu, lakini katika sehemu nyeupe ya mbele ya ubongo takriban miligramu 4 tu. Walionyesha pia kwamba chuma ni kidogo sana wakati wa kuzaliwa, huongezeka haraka hadi umri wa miaka 30 hivi, kisha kasi hiyo hupungua. Kwa hiyo kuwepo kwa chuma katika ubongo wa mtu mzima si ugonjwa. Tatizo ni kiasi chake, mahali kilipo na namna kilivyohifadhiwa.

## Seli za glia na chuma

Jina la glia lilitolewa na Rudolf Virchow wa Ujerumani katika miaka ya 1850, naye aliziona kama gundi tu ya kuunganisha seli za neva. Leo inajulikana kwamba zina kazi nyingi. Aina tatu zinahusika zaidi na chuma.

* Oligodendrositi hutengeneza mielini. Katika ubongo wenye afya ndizo zenye chuma kingi kuliko seli zote, kwa sababu utengenezaji wa mielini unahitaji vimeng'enya vyenye chuma.
* Astrositi zina umbo la nyota, na miguu yake huizunguka mishipa midogo ya damu. Kwa nafasi hiyo husaidia kusimamia chuma kinachopita kutoka kwenye damu kwenda kwenye seli nyingine. Juu ya utando wake kuna serulopazmini, protini yenye shaba inayosaidia chuma kitoke ndani ya seli.
* Mikroglia ni askari wa kinga wa ubongo. Asili yake ni tofauti na ya glia nyingine: hutokana na seli za kifuko cha kiinitete na huhamia katika ubongo mapema kabla ya mtoto kuzaliwa. Zikiwa katika hali ya kawaida zina matawi membamba yanayopapasa mazingira yake muda wote. Zikichochewa, matawi hufupika, mwili wa seli huvimba, na seli huanza kumeza mabaki na kutoa kemikali za inflamesheni.

## Historia ya utafiti

Mbinu ya kwanza ya kuona chuma katika tishu ilielezwa na Max Perls mwaka 1867. Tishu hutiwa asidi na kemikali yenye sianidi ya chuma, na palipo na chuma hutokea rangi ya buluu nzito. Mbinu hii bado hutumika katika maabara za patholojia.

Mwaka 1919 Pío del Río-Hortega wa Hispania alitumia rangi yenye fedha kuzitofautisha mikroglia na glia nyingine. Kabla ya hapo hazikuwa zikitambuliwa kama kundi la pekee. Mwaka 1922 Julius Hallervorden na Hugo Spatz wa Ujerumani walieleza ugonjwa wa kurithi wenye chuma kingi katika globasi palidasi, nao uliitwa kwa majina yao kwa miaka mingi. Jina hilo limeachwa na wataalamu wengi kwa sababu madaktari hao wawili walihusika na utafiti uliotumia ubongo wa watu waliouawa katika mpango wa Wanazi wa kuua wagonjwa na walemavu. Baada ya jeni yake kugunduliwa mwaka 2001, ugonjwa huo ulipata jina jipya linalotokana na kimeng'enya kinachoharibika.

Katika ugonjwa wa Parkinson, ongezeko la chuma liliripotiwa mwaka 1924, na vipimo vya kemia vya miaka ya 1980 viliunga mkono habari hizo kuhusu substansia nigra. Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1988, Patrick McGeer na wenzake nchini Kanada walionyesha kwamba sehemu hiyohiyo ina mikroglia nyingi zilizochochewa. Hapo mambo mawili yaliyokuwa yakichunguzwa kila moja peke yake yalianza kutazamwa pamoja.

## Jinsi uhusiano unavyofanya kazi

### Kufungia chuma wakati wa hatari

Bakteria wengi wanahitaji chuma ili waongezeke. Kwa sababu hiyo mwili una mkakati wa kale: maambukizi yanapoingia, chuma hufichwa ndani ya seli za kinga ili wavamizi wakikose. Mikroglia hufuata mkakati huo. Zinapopata ishara ya inflamesheni huongeza milango ya kuingiza chuma na kutengeneza feritini zaidi. Wakati huohuo homoni iitwayo hepsidini, inayochochewa na kemikali ya kinga inayojulikana kama interlukini-6, husababisha feropotini kuvunjwa. Mlango wa kutokea ukiisha kuondolewa, chuma hubaki ndani.

Mkakati huu unafaa maambukizi yanapodumu siku chache. Katika ugonjwa wa neva unaodumu miaka mingi hakuna bakteria wa kunyimwa chuma, lakini mikroglia huendelea kukirundika.

### Sumu ya chuma kilicho huru

Chuma kilichofungwa ndani ya feritini kina usalama. Chuma kilicho huru kinaweza kukutana na peroksidi ya hidrojeni, ambayo huzalishwa na seli katika kazi zake za kawaida, na kutoa radikali kali za oksijeni. Mmenyuko huo huitwa wa Fenton, kwa jina la mwanakemia Mwingereza Henry Fenton aliyeueleza mwaka 1894. Radikali hizo huharibu protini, DNA na hasa mafuta ya utando wa seli. Ubongo una mafuta mengi na hutumia oksijeni nyingi, ndiyo maana uko katika hatari kubwa.

Mafuta ya utando yakioza kwa njia hiyo bila kudhibitiwa, seli hufa kwa aina ya kifo iitwayo feroptosisi. Neno hilo lilianza kutumiwa mwaka 2012. Tangu hapo imeonekana kwamba si seli za neva peke yake zinazoweza kufa hivyo. Mikroglia zilizojaa chuma nazo zinaweza.

### Mzunguko unaojilisha

Hatua hizo zikiunganishwa hutokea mzunguko. Seli ya neva inapokufa hutoa chuma kilichokuwemo ndani yake. Mikroglia hukimeza pamoja na mabaki mengine na kuchochewa. Zikichochewa hutoa kemikali za inflamesheni na radikali za oksijeni, na hizo hudhoofisha seli za neva za jirani. Zikifa mikroglia zenyewe, shehena yake ya chuma humwagika tena. Astrositi zinaweza kupunguza madhara kwa kutoa vioksidishaji-kinza na kwa kuhifadhi chuma, lakini zikichochewa kwa muda mrefu baadhi yake hupoteza kazi hiyo ya ulinzi.

## Katika magonjwa

### Ugonjwa wa Parkinson

Seli za neva zinazokufa katika ugonjwa huu zina rangi nyeusi iitwayo neuromelanini, na ndiyo inayoipa substansia nigra jina lake la Kilatini lenye maana ya "kitu cheusi". Neuromelanini hunasa chuma na kukifanya kisidhuru. Seli hizo zikifa, rangi hiyo na chuma chake hubaki nje, na mikroglia huja kuimeza. Chini ya darubini huonekana chembe nyeusi zimezungukwa na mikroglia zilizochochewa zenye feritini nyingi.

### Ugonjwa wa Alzheimer

Katika ugonjwa huu protini ya amiloidi hujikusanya katika mabaka nje ya seli. Mikroglia huyazunguka mabaka hayo, na nyingi kati yake hujaa feritini. Chuma kimeonekana pia ndani ya mabaka yenyewe.

### Multipo sklerosisi

Huu ndio ugonjwa ambao uhusiano wa chuma na glia unaonekana vizuri zaidi kwa mgonjwa aliye hai. Kinga ya mwili hushambulia mielini na kuacha makovu katika sehemu nyeupe ya ubongo. Oligodendrositi zinapoharibiwa, chuma chake hutoka. Katika baadhi ya makovu ya zamani, mikroglia na makrofaji zenye chuma hujipanga ukingoni kama pete. Pete hiyo huonekana katika picha za MRI zenye nguvu, na ni ishara kwamba kovu bado linawaka polepole. Wagonjwa wenye makovu kadhaa ya namna hiyo huelekea kupata ulemavu mkubwa zaidi, na mapema zaidi, kuliko wasiokuwa nayo.

### Kuvuja kwa damu na malaria ya ubongo

Damu ikivuja ndani ya ubongo kutokana na kiharusi au ajali, seli nyekundu hupasuka na kumwaga hemoglobini. Mikroglia na makrofaji humeza mabaki hayo, na kimeng'enya kiitwacho hemi oksijenasi hukitoa chuma katika hemoglobini. Chuma hicho huhifadhiwa kama feritini, na baadaye kama hemosiderini, chembe za kahawia zinazoweza kubaki mahali hapo kwa miaka mingi. Kuzunguka eneo hilo astrositi hutengeneza kovu.

Mfano unaowahusu zaidi watu wa Afrika ni malaria ya ubongo inayosababishwa na *Plasmodium falciparum*. Seli nyekundu zenye vimelea hunasa katika mishipa midogo, na mingine hupasuka na kuacha duara dogo la damu kuizunguka. Damu hiyo hufuatwa na mikusanyiko ya seli za glia inayoitwa granuloma za Dürck, kwa jina la mwanapatholojia Mjerumani Hermann Dürck. Ndani ya mishipa huonekana pia hemozoini, rangi nyeusi yenye chuma ambayo vimelea huitengeneza baada ya kula hemoglobini. Baadhi ya watoto wanaopona malaria ya ubongo hubaki na kifafa au matatizo ya kujifunza, ingawa sababu zake ni zaidi ya moja.

### Magonjwa ya kurithi

Kuna kundi la magonjwa nadra ambamo kasoro ya jeni moja husababisha chuma kurundikana katika ubongo. Magonjwa haya ni muhimu kwa utafiti kwa sababu chanzo chake kinajulikana.

* Kasoro ya jeni PANK2 ndiyo inayosababisha ugonjwa ulioelezwa mwaka 1922. Mara nyingi huanza utotoni kwa kukakamaa na kupinda kwa viungo. Katika MRI globasi palidasi huonekana nyeusi yenye doa jeupe katikati, alama ambayo madaktari huiita "jicho la chui milia".
* Neuroferitinopathi hutokana na kasoro ya feritini yenyewe, na ilitambuliwa mwaka 2001 katika familia za Cumbria, kaskazini mwa Uingereza.
* Aserulopazminemia ni kukosekana kwa serulopazmini. Chuma hushindwa kutoka katika astrositi, nazo hujaa na kuharibika umbo, huku seli za neva zikidhoofika.

Ugonjwa wa mwisho una funzo la pekee. Kasoro inayokizuia chuma kutoka katika glia inatosha kuleta ugonjwa wa neva, bila kuhitaji maambukizi wala shambulio la kinga.

## Upimaji

Zamani chuma cha ubongo kilipimwa baada ya kifo tu. Leo hutumika MRI, kwa kuwa chuma huvuruga kidogo uga wa sumaku wa mashine, na sehemu yenye chuma kingi huonekana nyeusi katika aina fulani za picha. Kuna pia mbinu za hesabu zinazokadiria kiasi cha chuma kutokana na mvurugo huo. Mikroglia zilizochochewa hukadiriwa kwa picha za PET, ambamo mgonjwa huchomwa sindano ya kemikali yenye mnururisho hafifu inayoshikamana na protini inayoongezeka ndani ya seli hizo.

Mbinu zote mbili zina mipaka. MRI haionyeshi chuma kimo katika seli ya aina gani, wala kama kimefungwa au kiko huru. Protini inayolengwa na PET hupatikana pia katika astrositi na katika mishipa ya damu. Kwa hiyo uchunguzi wa tishu chini ya darubini bado ndio kipimo cha kuhakikisha.

## Chanzo au matokeo

Maelezo matatu hutolewa kuhusu kuonekana kwa chuma na glia zilizochochewa mahali pamoja.

1. Chuma hutangulia. Ushahidi wake ni magonjwa ya kurithi na pia kuvuja kwa damu, ambako chuma huwasili kwanza na glia huitika baadaye.
2. Glia hutangulia. Ushahidi wake ni majaribio ya maabara ambamo mikroglia zikipewa ishara ya inflamesheni huanza zenyewe kuingiza na kufungia chuma.
3. Vyote viwili hufuata kifo cha seli za neva kinacholetwa na jambo jingine, na mikroglia zenye chuma ni wasafishaji tu waliofika baada ya tukio.

Maelezo haya hayapingani moja kwa moja. Katika ugonjwa mmoja chuma kinaweza kuwa cha kwanza, na katika mwingine kikawa cha mwisho. Majaribio ya seli za binadamu zilizokuzwa pamoja katika maabara yameonyesha kwamba mikroglia huitikia chuma kwa nguvu, na kwamba zikiondolewa, seli za neva huchelewa kufa. Hilo linaonyesha kuwa mikroglia zinaweza kushiriki katika madhara, lakini chombo cha maabara si ubongo mzima.

## Majaribio ya tiba

Dawa zinazonasa chuma zimetumika kwa muda mrefu kwa watu wenye chuma kingi mwilini kutokana na kuongezewa damu mara nyingi, kama wagonjwa wa thalasemia. Mojawapo, deferiproni, hupita kizuizi cha damu na ubongo, na kwa hiyo ilijaribiwa katika magonjwa ya neva.

Matokeo yamekuwa tofauti na matarajio. Katika ugonjwa wa PANK2, jaribio lililochapishwa mwaka 2019 lilionyesha kwamba dawa ilipunguza chuma katika ubongo, lakini nafuu ya dalili haikuthibitika kitakwimu. Katika ugonjwa wa Parkinson, jaribio la watu 372 barani Ulaya lililochapishwa mwaka 2022 lilionyesha kwamba chuma kilipungua katika substansia nigra, lakini dalili za waliopewa dawa zilikuwa mbaya zaidi kuliko za waliopewa kidonge kisicho na dawa. Washiriki walikuwa bado hawajaanza kutumia levodopa. Maelezo mojawapo ni kwamba kimeng'enya kinachotengeneza dopamini kinahitaji chuma, na dawa huenda ilikinyima. Jaribio dogo la ugonjwa wa Alzheimer nalo lilionyesha kwamba akili ilidhoofika haraka zaidi kwa waliopewa dawa.

Majaribio haya yamebadili mwelekeo. Chuma kinachoonekana katika picha si lazima kiwe sumu inayopaswa kuondolewa; huenda sehemu yake imefungwa salama na glia, huku seli za neva za jirani zikiwa na upungufu. Utafiti umeelekea zaidi katika kukihamisha chuma badala ya kukiondoa, kuzuia feroptosisi, na kutuliza mikroglia.

## Chuma katika chakula

Maandalio ya chuma katika ubongo hayafuati moja kwa moja chakula anachokula mtu mzima. Hata watu wenye hemokromatosisi, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hufyonza chuma kupita kiasi, huathirika zaidi ini, moyo na kongosho. Kizuizi cha damu na ubongo kinautenganisha ubongo na mabadiliko mengi ya damu. Kwa hiyo habari za chuma katika ugonjwa wa Parkinson au Alzheimer si sababu ya kuacha maharagwe, nyama, dagaa au mboga za majani, wala ya mjamzito kuacha vidonge vya chuma. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wajawazito wapate miligramu 30 hadi 60 za chuma kila siku, kwa kuwa upungufu wa damu huhatarisha mama na mtoto.

Hata hivyo chuma na kinga haviachani. Katika kisiwa cha Pemba, jaribio lililochapishwa mwaka 2006 lilionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa chuma na asidi ya foliki katika eneo lenye malaria nyingi walilazwa hospitalini au kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Tangu hapo inashauriwa kwamba, mahali penye malaria, chuma kwa watoto kiende pamoja na kinga na tiba ya malaria. Jaribio hilo halikuhusu glia, lakini lilionyesha jambo lilelile: madhara au manufaa ya chuma hutegemea hali ya kinga inayokipokea.

## Tazama pia

* Ubongo
* Seli ya neva
* Mikroglia
* Feritini
* Ugonjwa wa Parkinson
* Malaria